Bassou Aït Ichou, Aliyekufa kwa Miaka Thelathini na Minne

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bwana Bassou Aït Ichou ataacha kufa. Ofisi iliniomba niandike "atastaafu", kama tunavyoandikia makarani na madereva, lakini nimeshindwa. Karani akistaafu anaacha kuandika, dereva anaacha kuendesha. Bassou kazi yake ilikuwa kufa, na amekufa hapa Studio ya Bab Erremel, nje kidogo ya Ouarzazate, kwa bidii ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Amekufa kwa risasi, kwa upanga, kwa kiu, kwa kuporomoka kutoka juu ya ukuta, na mara moja kwa kukaliwa na ngamia, ingawa hiyo ya ngamia haikuwa kwenye mpango.

Mimi ni Tuda, mkuu wa chumba cha mavazi. Nimechaguliwa kuandika wasifu huu wa kusomwa kwenye hafla ya kumuaga kwa sababu kila alipopigwa risasi yeye, tundu nililiziba mimi. Kwa hiyo msitegemee nimwage sifa tu hapa. Huyu mtu kanimalizia uzi.

Bassou hakuomba kazi. Alikuwa kijana anayemtafuta mbuzi wake aliyepotea, na mbuzi alikuwa ameingia ndani ya ngome yetu ya plasta wakati askari wa kikoloni wanashambuliwa. Bassou akamfuata humo humo. Bunduki ikalia karibu na sikio lake, akarusha mikono juu, akazunguka mara moja na kuanguka chali, kwa hofu ya kweli kabisa. Mwongozaji akaruka kwenye kiti chake akiuliza yule ni nani, mbona anakufa vizuri hivyo. Jioni hiyo Bassou alirudi nyumbani na ajira, mbuzi hakuonekana tena.

Wageni wanaokuja kutengeneza filamu za askari wa kikoloni jangwani, na huja kila mwaka utadhani wamesahau vita vile viliishaje, hutaka vitu vilevile: ngome, ngamia, upepo wa mchanga, na kundi la watu wa kuuawa. Watu wetu hawatoshi kufanya majeshi mawili. Kwa hiyo wanaume walewale asubuhi huvaa sare za askari na kufyatua risasi kutoka ukutani, halafu wakishakula, huvaa kanzu za sufu na vilemba, wakaja chini ya ukuta huohuo kupigwa na risasi walizofyatua wenyewe. Nakumbuka filamu moja ambayo Bassou asubuhi alilenga, akafyatua, akashangilia. Alasiri akawa ndiye aliyepatwa. Nimeishi miaka mingi, sijamwona mwingine aliyejipiga risasi mwenyewe kutoka mita mia mbili kisha akaja kuniuliza kama supu imebaki.

Kulikuwa pia na ile ya Ramadhani. Maiti walikuwa wamelala mchangani tangu alasiri, mwongozaji anangoja mwanga mwekundu wa magharibi apige picha ya huzuni. Mwanga ukaja. Kamera ikaanza kuzunguka. Na adhana nayo ikaingia. Maiti wote wakaketi kwa pamoja, wakaingiza mikono vifuani, kila mmoja akatoa tende zake. Bassou, aliyekuwa na singe ya mbao tumboni, alimpasia tende moja yule askari wa kikoloni aliyekuwa amemchoma. Mwongozaji yule alilia, na hakuwa amefunga.

Lakini kazi hii ilimgharimu, na hapa ndipo niseme jambo ambalo wengi mlilichukulia mzaha. Filamu yake ya kwanza ilipoonyeshwa katika ukumbi wa manispaa, mama yake alimwona anaanguka, akapiga ukelele, akazimia. Kabla Bassou hajafika nyumbani habari zilishafika. Wanawake wa kijiji walikuwa wamekwisha kuja na rambirambi, kila mmoja na koni yake ya sukari, bonge gumu lililofungwa kwa karatasi ya buluu, kama desturi yetu inavyotaka msibani. Akawatokea mlangoni mzima wa afya, wakamtazama, wakashukuru Mungu, lakini sukari ya msiba hairudishwi ilikotoka. Familia ile ilikunywa chai ya msiba wa Bassou karibu mwaka mzima, na mnywaji mkubwa alikuwa Bassou.

Itto, mkewe, alikuwa ameolewa juzijuzi tu. Alikuwa pale ukumbini amekaa kando ya mama mkwe. Tangu siku ile hakukanyaga tena kwenye filamu yoyote. Alimwambia mumewe waziwazi, "Mimi nimekwisha kukuzika mara moja, inatosha. Siku utakayobaki hai mpaka mwisho, niite, nitakuja." Watu wakacheka, Bassou akacheka, miaka ikapita. Kila wageni walipoleta filamu mpya alikuja chumbani kwangu kupimwa nguo, na kila mara aliniuliza kimyakimya, kana kwamba anauliza bei ya kitu asichoweza kununua, "Tuda, hii nafika mwisho?" Nikawa namjibu, "Ami Bassou, hata nusu hufiki."

Sasa tuje kwenye filamu yake ya mwisho, ya mwaka jana, ya Bwana Delvigne, mwongozaji kutoka Ubelgiji. Ilikuwa vilevile ya askari wa kikoloni. Ngome inazingirwa na waasi, askari wote wanauawa, anabaki kapteni peke yake. Kapteni anatangatanga jangwani bila maji, analiona hema, anajikokota mpaka pale, anashika nguzo, anaanguka magotini, mke wa mwenye hema anampa bakuli la maziwa. Anakunywa. Halafu mwenye hema, aliyemwangalia muda wote bila neno, anachomoa kisu na kumwua, anapanda farasi, anaondoka kuelekea milimani na jua likizama. Mwisho.

Na mwenye hema alikuwa Bassou!

Yidir, mkalimani wetu ambaye pia hushika kipaza sauti cha mwongozaji, alipomletea habari, Bassou alimwomba arudie. Akarudia. Bassou akaja mbio chumbani kwangu, mzee mzima, kanzu imekunjwa mkononi. "Tuda! Nafika mwisho! Na farasi napewa!" Nilimshonea vazi jipya kabisa, la kwanza maishani mwake lisilo na tundu. Itto naye, kwa furaha, akakubali kuchukuliwa aigize mke wa mwenye hema, maana waongozaji hupenda mwanamke wa kukaa nyuma ya kitanda cha kufumia. Nami nikasema leo Mungu amewakumbuka hawa watu.

Niwakumbushe wageni wetu wa leo kwamba kwetu sisi, mtu akikimbilia hema lako, akashika nguzo yake na akanywa maziwa yako, huyo ni amana yako. Hata kama jana alimuua ndugu yako. Siku tatu hagusiki, na anayetaka kumgusa akupitie wewe kwanza. Aliyeandika filamu hakujua hilo. Sisi tulijua sote, lakini hatukusema kitu, kwa sababu bakuli lilikuwa la chokaa. Watu wa vifaa huchanganya chokaa na maji, kwenye kamera inaonekana maziwa, na mwigizaji anagusisha midomo tu. Mtu aliyegusisha midomo kwenye chokaa hana haki yoyote kwa mtu.

Ilipofika alasiri ya siku ya mwisho, kila kitu kilikuwa tayari. Kapteni alikuwa Rémi Castagnède, kijana mpole sana aliyekuwa amegoma kunywa maji tangu asubuhi ili kiu yake iwe ya kweli. Akatambaa, akashika nguzo, akaanguka. Itto akampa bakuli. Rémi akalishika kwa mikono miwili na kunywa. Akanywa, akanywa, tukaona koo linapanda na kushuka, akalimaliza lote, akalirudisha akiomba tena. Itto akamwongezea.

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera na pini mdomoni. Nilizitoa.

Bassou akachomoa kisu. Akakitazama, akamtazama Rémi, akamtazama mkewe. Akakirudisha kisu alani, akaenda kona ya hema, akaleta mto, akamwekea mgeni nyuma ya mgongo.

"Kata!" Bwana Delvigne akapiga kelele. "Mto wa nini?"

Bassou hakumsikia. Alikuwa amemwinamia Itto. "Umetia nini kwenye bakuli?"

"Maziwa."

"Maziwa gani?"

"Maziwa gani tena? Ya mbuzi wetu, ya leo asubuhi."

"Na chokaa?"

"Nimeimwaga. Nimpe mgeni chokaa, mimi? Unanijua mimi binti wa nani?"

"Itto! Nilikuwa nimebakiza kumchoma kisu tu!"

Yidir akaingia hemani na kipaza sauti chake. "Ami Bassou, tafadhali, hii ni filamu. Kisu chenyewe cha mpira."

"Kisu cha mpira, ndiyo. Maziwa ni ya mbuzi."

Bwana Delvigne akasema basi turudie, safari hii kwa chokaa. Bassou akamwambia Yidir, "Mwambie kwanza ayatoe yale aliyokwisha kunywa." Rémi, masikini, alipoona watu wanamzozania, akadhani kuna aliyekosewa adabu. Akajipapasa tumbo na kumshukuru Itto kwa lugha yetu, neno alilofundishwa na dereva. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana sasa mgeni alikuwa ameshukuru.

Kungoja siku tatu haikuwezekana. Rémi alikuwa na ndege kesho yake alfajiri kwenda kuigiza nchi nyingine. Yidir akatangaza kwa kundi zima kwamba yeyote atakayejitolea kumwua kapteni aje mbele. Wanaume wakaangalia viatu vyao. Mmoja akasema jino linamuuma. Mwingine akasema yeye asubuhi alikuwa askari wa kikoloni, na askari hawezi kumwua kapteni wake mwenyewe, hiyo si nidhamu.

Bwana Delvigne akatupa kofia yake chini. Akazunguka hema, akarudi, na uamuzi wake Yidir aliutafsiri kwa sauti ndogo, bila kipaza sauti. Kama Bassou haui, basi afe yeye. Waasi watafika kumdai kapteni, Bassou atakataa kumtoa, watampiga risasi mlangoni, na kapteni atatambaa kutokea nyuma ya hema na kuokoka.

Wanaume wakageuka kumtazama Bassou.

"Sawa," Bassou akasema. "Hilo nalijua kulifanya."

Alikuja kwangu, nikamvua lile vazi jipya, nikamvalisha kuukuu lenye mifuko ya damu bandia kifuani. Nilikuwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani. "Ami, sema basi hapana," nikamwambia. "Sema maziwa yalikuwa yamechacha." Akanipiga bega. "Tuda, mtu kanywa. Unataka nifanyeje?" Alivyopita mbele ya mkewe hakumwangalia. Itto alikuwa amekaa palepale, bakuli tupu mapajani, rangi imemtoka.

Kamera ikaanza. Waasi wakaja, wenzetu wote wale, wengine wamefanya naye kazi tangu ujana. Bassou akasimama mlangoni mwa hema na kupanua mikono. Wakafyatua. Mifuko ikapasuka, damu ikaruka vizuri kabisa. Tukangoja arushe mikono juu, azunguke, aende chali.

Hakuanguka.

"Anguka!" akasema Bwana Delvigne. Wakafyatua tena. Bassou akayumba, akajishikilia nguzo, akasimama. "Anguka, Bassou!" Mtu ambaye kwa miaka yote hii hakuwahi kurudia kifo, mtu ambaye waongozaji walimsifu kwamba hufa kwa mara moja tu, safi, leo kagoma.

Nikasogea upande nione ndani. Rémi alikuwa ameshika njia ya nyuma, anatambaa kama alivyoagizwa. Itto alikuwa amemkamata mkono wa ile sare niliyomshonea.

"Unakwenda wapi? Hujanywa chai. Kaa."

Sijui Rémi alielewa nini, lakini anayemjua Itto anajua kwa nini kijana yule alikaa. Birika lilikuwa motoni, birika la kweli na mnanaa wa kweli. Itto akamimina kutoka juu, polepole, povu likasimama. Kwetu mgeni hatoki kabla ya glasi ya tatu. Na mgeni akiwa bado hemani, mwenye hema hawezi kulala chini mlangoni, akiwa hai wala akiwa maiti.

Nje wakafyatua tena. "Ami," mwasi wa mbele akanong'ona, "anguka basi, baruti inatuishia!"

"Mgeni anakunywa," Bassou akanong'ona. "Yuko glasi ya ngapi?"

"Ya pili," nikasema mimi, ambaye sikuwa kwenye filamu.

Itto akamimina ya tatu, akaionja, akakunja uso, akairudisha yote ndani ya birika, akaongeza sukari, akarudisha birika motoni. Yallah! Nilitaka kumkumbatia. Bunduki zililia moja moja, halafu zikabaki kulia chak, chak tu, hazina kitu. Bwana Delvigne akashusha mkono, akamwambia mpiga picha, taratibu sana, asizime kamera kwa lolote lile.

Rémi alimaliza glasi ya tatu jua likigusa mlima. Akatoka kwa mlango wa mbele, kama mgeni anavyotoka, akaweka mkono kifuani mbele ya mwenye hema. Waasi wakampisha. Wangefanya nini? Mmoja wao, na Mungu amsamehe, akauliza kama chai imebaki. Kapteni akaondoka na miguu yake kuelekea mchangani, Bassou amesimama mlangoni kalowa damu bandia mpaka magotini, jua likazama, mwanga ukaisha. Hapakuwa na mwanga mwingine wa kupiga picha nyingine.

Baadaye nilimuuliza Itto kama alikusudia. "Nilikuwa namimina chai," akasema. Nikamkazia macho. Akasema, "Nikikwambia niliogopa, utaandika?" Nikamwambia nitaandika. "Basi andika. Nilisikia zile bunduki nikajua ni zangu. Miaka yote wageni ndio wanaomwua, leo namwua mimi kwa bakuli la maziwa. Nikasema haanguki huyu. Wataanguka wao."

Filamu ikatoka. Huko Ulaya wameandika kwamba mwisho wake ni tafakuri nzito juu ya dola na jangwa. Mimi nilikuwepo, ilikuwa chai.

Mwezi wa tatu ililetwa katika ukumbi wa manispaa. Bassou alivaa kanzu nyeupe na kukaa safu ya mbele, na kiti cha kando yake aliweka kilemba ili kisikaliwe. Taa zikazimwa na kiti kitupu. Ngome ilikuwa inakaribia kuanguka Itto alipoingia, akakiondoa kilemba, akakaa, macho chini. Macho aliyainua pale maziwa yalipomiminwa. Risasi zilipoanza akashika mkono wa mumewe kwa mikono yote miwili, yule wa kando yake, na akawa anamtazama yule wa kwenye filamu. Jua likazama. Majina yakaanza kupanda. Ukumbi mzima ulibaki umekaa, maana sisi tumezoea, tukangoja aanguke. Majina ya wakubwa yakapita, ya mafundi yakapita, la kwangu likapita, hata la mwenye ngamia likapita. Taa zikawaka. Hakuwa ameanguka.

Itto akalia mbele za watu, kwa sauti, bila aibu, na wanawake wa kijiji wakapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna arusi gani. Bassou hakujua afanye nini na uso wake. Kesho yake asubuhi alipeleka ofisini barua ya kustaafu.

Ami Bassou, kwa niaba ya wenzako wote wa Bab Erremel tunakushukuru, kwa kila ulivyoanguka na kwa ile siku uliyokataa. Ngome yako ya plasta tutaitunza. Lile vazi jipya nimelikunja, ni lako, lichukue kabla sijabadili mawazo. Nenda nyumbani kwa Itto ukanywe glasi zako tatu bila haraka. Tunakutakia maisha marefu, na mwisho wake kifo kimoja tu, kiwe mbali huko, wala usikifanyie mazoezi.